Siku Dagaa Walipogeuka Bluu

Siku waliyotaka kumchoma moto Fundi Okelo tulikuwepo watu hawa pale kwenye mawe. Nawataja mapema, maana siku hizi kila mzee wa Mwanza anasema alikuwepo. Alikuwepo Fundi Okelo mwenyewe, Mjaluo wa Shirati, mchapaji wa ramani, aliyenifundisha kazi. Alikuwepo Mbuke binti Masanja, Msukuma wa Magu, mwenzangu tangu tukiwa wafagizi, na nyumba yake ndiyo ilikuwa karakana. Alikuwepo Regina, mtoto wa dada yake Mbuke, muosha vitambaa wetu. Upande wa pili alikuwepo Malima, mwenyekiti wa mwalo wetu, pale samaki wanaposhushiwa, mdogo wake marehemu mume wangu, kwa hiyo shemeji yangu. Alikuwepo Deus, wakala aliyenunua sangara kwa niaba ya kiwanda cha minofu, kijana wa Bukoba aliyeoa mtaani kwetu. Na nyuma yao wavuvi wa mwalo mzima. Na mimi Nyangeta, Mjita, mama Sabina, darasa la nne.

Wanangu wa karakana mmeniambia niandike kabla sijasahau. Sijasahau. Ila mkono unachoka, kwa hiyo vyeo nitaviruka, maana sikupata, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika kazi.

Nilianza kama mfagizi katika ofisi ya wachoraji ya shirika moja la umma hapa mjini. Siku ya kwanza nilionyeshwa ufagio, ndoo, na vyumba. Chumba cha mwisho kilikuwa na giza kama tumbo la ng'ombe. Nikashika pazia nipate kuona vumbi, nikasikia sauti pembeni:

"Mama, ukivuta hilo pazia umeniua."

Nikaganda. "Shikamoo," nikasema, maana sikupata neno jingine.

"Marahaba. Sasa acha pazia."

Ndivyo nilivyojuana na Fundi Okelo. Kazi yake ilikuwa kutoa nakala za michoro ya wahandisi. Ofisi ilikuwa na mashine iliyonuka amonia mpaka machozi yakakutoka, lakini miaka ile umeme ulikuwa wa mgawo, leo mtaa huu, kesho ule. Umeme ukikatika mashine inakuwa kabati. Hapo Fundi anarudi kwenye njia ya zamani aliyofundishwa akiwa kijana: anachanganya dawa mbili, anapaka karatasi gizani, inakauka, anaifunika kwa mchoro na kioo, anaipandisha juani darini. Jua likipita, palipo wazi panageuka bluu, penye mstari panabaki peupe. Unaosha kwa maji, basi. Mashine yake ilikuwa jua, na jua halina mgawo.

Nilimsaidia kubeba kioo kwa sababu wachoraji walikuwa hawataki kuchafua mashati. Taratibu akanionyesha unga wa kijani na ile chumvi nyekundu. Kila kimoja kina ndoo yake na kijiko chake, vinakutana siku ya kazi tu. Alisema hivi, nami nimewasemea ninyi mpaka mmechoka: "Kijiko cha kijani kisijue nyumba ya chekundu." Mara moja Mbuke alipochanganya vijiko, Fundi hakumgombeza. Alimwambia achote mwenyewe unga wote ulioharibika, kwa kijiko cha chai, huku yeye amekaa anamtazama. Hakurudia.

Kisha likaja soko huria. Mimi soko huria nililijua kwa mambo matatu: mitumba ilijaa mpaka mafundi cherehani wakawa wanashona viraka, sangara akawa samaki wa kupanda ndege kwenda Ulaya, na shirika letu likauzwa. Sangara aliondoka minofu yake, tukabaki na mapanki, yaani mifupa na kichwa, tukayakaanga tukasema ni mboga. Sisi wa shirika tukapunguzwa. Mwenye mali mpya alileta mashine mpya na watu wake. Makopo ya Fundi yale ya unga alisema hayataki, yaondolewe. Fundi akayaondoa kwa mkokoteni hadi kwa Mbuke, nyuma ya mawe, karibu na ziwa. Mwalo wenyewe sitautaja, watu wake bado wanaishi na watoto wao bado wanauza samaki.

Mbuke akamwuliza, "Sasa Fundi, tutachapa ramani za nani? Za kwenda wapi?"

Fundi akasema, "Tutachapa nguo."

Tulicheka. Ramani hazivaliwi. Lakini alikuwa amekwisha kujaribu kwenye kona ya shuka lake, jani la mpapai, na jani lilikuwa limetulia pale jeupe, na kila mshipa wake unaonekana. Tukaacha kucheka.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Kitambaa cha marekani kinakuja na wanga wa kiwandani, dawa haishiki, unapata mabaka kama ngozi ya mgonjwa. Tukajifunza kukichemsha kwanza, kukisuuza mpaka maji yasiwe na utelezi, ndipo kipakwe. Tukajifunza kupaka kwa sponji na si kwa brashi, maana brashi inaacha njia. Tukajifunza kwamba juu ya jiwe lililopata moto kitambaa kinakauka vibaya, kwa hiyo unatandika gunia. Halafu yakaja majaribio. Chai ya rangi nzito inaitoa bluu kwenye ubichi, inakuwa kama wingu la mvua. Magadi ya kupikia kunde yanaila bluu yote mpaka manjano, kwa hiyo Regina alikuwa anachovya kijiti kwenye magadi na kuchora juu ya bluu kama anayeandika ubaoni. Ukimaliza magadi ukarudisha kwenye chai, manjano inageuka kahawia. Haya yote hatukuambiwa na mtu. Tuliharibu shuka nyingi, na nyumba ya Mbuke ikawa na mapazia ya ajabu.

Tulichapa nyavu. Tulichapa panki la sangara, mifupa yote mpaka mwiba wa mwisho, likatoka zuri mno, na karakana ikanuka hadi Jumapili. Wageni waliokwenda Bujora kuangalia ngoma walipita wakanunua. Kisha mwenye hoteli mpya mjini akatuma ujumbe: anataka mapazia ya vyumba vyote, bluu ya ziwa, na samaki wanaogelea ndani yake. Samaki, alisisitiza, siyo mifupa.

Hapo ndipo shida yetu ilipoanza, ingawa siku ile tulipiga vigelegele.

Tulikata samaki wa karatasi. Mbuke akawatazama akasema, "Hizi ni kandambili." Alikuwa mkweli. Tukajaribu dagaa wakavu wa sokoni, wamejikunja, wakatoka kama kucha zilizokatwa. Ni Mbuke aliyesema tutumie dagaa wabichi, wa asubuhi, wakiwa bado na maji. Fundi alisita, maana alipenda kazi kavu. Lakini tulipowalaza juu ya kitambaa na maji yao, dawa ikachuruzika pembeni mwao, na kilipooshwa, kila dagaa alikuwa na ukungu wa bluu nyepesi kumzunguka, kana kwamba maji yanatembea. Tulisimama wanne tukatazama pazia lile. Fundi alikuwa wa kwanza kusema. Alisema, "Huyu amegeuza mkia." Na kweli, mmoja alionekana anageuka.

Dagaa wenyewe waliobaki baada ya kazi walikuwa na madoa ya bluu matumboni na kwenye mashavu. Hatukuwajali. Tuliwatupa.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu mambo mawili yalikutana. La kwanza, maji ya bomba yalikatika. Magugu maji yalikuwa yamefunika ukingo wote wa ziwa, watu wakasema yameziba mitambo, na sisi hatukuwa na cha kuoshea. Kwa hiyo tukawa tunakunja kitambaa kwa pembe zake, pamoja na dagaa wake, tunakwenda nacho majini nyuma ya mawe, tunakung'uta, tunaosha. Korongo walijua saa yetu ya kazi kuliko sisi wenyewe. Kila dagaa aliyeanguka walimdaka.

La pili, miezi ile ilikuwa mibaya ziwani. Kulikuwa na watu wanaomwaga dawa ya pamba majini ili samaki waelee, waokote pasipo jasho. Redio ilisema, mapadri walisema. Viwanda viliuambia kila mwalo: akionekana samaki mmoja wa sumu kwenu, gari la barafu halirudi. Wavuvi waliacha kulala vizuri. Walikuwa wamenunua nyavu na mashine za mitumbwi kwa kutegemea gari lile. Mume akirudi kutoka majini alikuwa anatazama kwanza kama gari lipo, ndipo anatazama mke.

Siku hiyo jua lilikuwa safi. Tulitandika pazia refu, tukalaza dagaa, likageuka, Regina na Mbuke wakalibeba, wakakung'uta. Nikaona korongo hawapo. Usiku ule sangara walikuwa wamepatikana wengi, na korongo wote walikuwa wamehamia mwaloni. Dagaa wetu wakaelea. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea nchi kavu, ukawazungusha jiwe kubwa taratibu, ukawapeleka mwaloni, matumbo juu, bluu.

Sisi tulirudi ndani kunywa uji.

Tulisikia kwanza gari la barafu likiondoka. Gari likija tupu lina sauti yake na likiondoka limejaa lina sauti yake. Hili liliondoka na sauti ya kuja. Mbuke akaweka kikombe chini. Kisha tukasikia watu, na sauti ya watu wengi wanaotembea pamoja pasipo kuongea, wanangu, Mungu awaepushe nayo.

Walizunguka nyumba. Deus alikuwa mbele, ameshika dagaa mmoja mkiani kwa vidole viwili, amemweka mbali na shati.

"Nani wa hapa?" akauliza. Kana kwamba yeye hatujui, kana kwamba hakula kwetu Pasaka.

"Deus baba, karibu," nikasema.

"Sijaja kukaribishwa, mama. Huyu dagaa ni wa wapi?"

"Ni wetu," akasema Mbuke. "Tulimtumia tukamtupa."

Ukweli ni mzuri, lakini una saa yake. Watu wakavuma kama nyuki.

"Mnasikia? Wamemtupa!"

"Huyu mama si wa Magu? Dawa ya pamba inatoka wapi kama si Magu?"

"Pamba ya kwenu imewashinda mmekuja kutumaliza huku!"

Mbuke akajibu, kwa kuwa hajawahi kunyamaza maishani mwake: "Mimi pamba nimeiacha kwa baba yangu! Ningekuwa na dawa ningeanza na kunguni wenu!"

Wengine wangecheka siku nyingine. Siku hiyo waliingia ndani. Wakayaona makopo, wakayatoa nje. Fundi Okelo alikuwa amesimama kwenye chumba cha giza, na jambo aliloomba, Mungu wangu, lilikuwa moja tu: "Msifungue pazia, kuna kitambaa kibichi." Wakamvuta kwa ukosi mpaka uwanjani. Walimchukua yeye kwa sababu alikuwa mwanamume, na mgeni, na makopo yalikuwa yake. Mtu akampiga kafi mgongoni, akapiga magoti. Mtu akampiga mdomoni.

Malima alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. Sura yake ilikuwa ya marehemu mume wangu akiwa na homa. Nilimwita, "Shemeji." Hakuitika.

Kijana mmoja alikuwa na karabai, ile taa ya kuvulia dagaa. Akafungua tangi lake, akammwagia Fundi mafuta ya taa kichwani na mgongoni. Harufu ikatuingia wote. Mtu mwingine alikuwa anajipapasa mifuko, na kila mmoja pale alijua anatafuta nini.

Sikupanga nilichofanya. Nilikwenda nikasimama nyuma ya Fundi, mgongo wangu na mgongo wake, mpaka kitenge changu kikalowa mafuta. Nikasema, "Malima. Nilikutandikia mkeka siku ya kumzika kaka yako, ukalia begani kwangu. Leo nijibu."

"Nakusikia, shemeji," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza anafungua mdomo. "Lakini gari limekwenda. Samaki wote wako juani. Unataka niwaambie nini hawa?"

"Usiwaambie. Leta dagaa wako. Wa mtumbwi wako mwenyewe, waliofia mkononi mwako. Nitawalaza juu ya kitambaa mbele yako. Wakigeuka bluu, utajua na hawa mliowaokota walikuwa wamekwisha kufa kabla hawajatuona. Mfu hafi mara mbili."

"Na wasipogeuka?"

Nikamtazama yule wa mifuko. "Basi kiberiti si mnacho."

"Nyangeta, mayu, mama yangu!" akasema Mbuke. "Unasema nini?"

Sikujua. Kilikuwa kimebaki kitambaa kimoja tu, kile kilichokuwa ndani. Kilikuwa kimepakwa jana yake, kipande cha kukatia mto. Kama walikuwa wamevuta pazia wakati wa kumtoa Fundi, kimekwisha kuungua kwa mwanga, na sisi pamoja nacho. Niliingia nikipapasa. Pazia lilikuwa limefungwa. Katika purukushani ile yote hakuna aliyeligusa. Nikakifunga ndani ya blanketi nikatoka nacho.

Malima alikuwa ameletewa dagaa kwenye beseni. Nikanyoosha mkono niwachukue, akanizuia.

"Nitawalaza mwenyewe. Wewe usiguse."

"Sawa. Basi laza."

Alipiga magoti mbele ya jiwe, nikafungua blanketi, akawalaza mmoja mmoja, mikono yake ikichuruzika maji, akikandamiza kila mmoja kama anayepanda mche. Kwa kutoamini kwake alikuwa anaegemeza kiganja cha kushoto juu ya kitambaa ili mtu asikibadilishe. Hakutoa kile kiganja. Na Fundi Okelo, amepiga magoti, damu mdomoni, mafuta yanachuruzika kwenye nyusi, akageuza shingo akatazama kazi.

"Amewasogeza mno," akasema. "Watashikana."

"Fundi, nyamaza," akasema Mbuke.

"Nasema tu. Watashikana."

Ndipo wingu likaja. Lilitoka ziwani, si kubwa, lakini lilikaa mbele ya jua kama mtu aliyepewa kiti. Kitambaa kilibaki rangi ya maji ya mchicha. Tukangoja. Watu wakaanza kusogea karibu. Regina alikuwa analia pasipo sauti. Mtu akasema nyuma, "Jua limewakataa." Mwingine akasema, "Malima, unachezewa na mwanamke." Deus alitazama saa yake, akatazama barabara ambako gari lilipotelea, akatazama saa tena.

"Shemeji," Malima akasema chini chini, "nimekupa nafasi. Mimi sina kingine."

Ningewaambia mawingu hayazuii kazi, yanaichelewesha tu. Nilikuwa nimeona mara nyingi. Lakini hata ningesema, nani angenisikia. Nikainama nikatazama ukingo wa kitambaa, mahali pembamba ambapo dawa huwa nzito. Palikuwa pameanza. Kidogo sana, kama kivuli cha ndevu kwa kijana. Niliogopa kwamba macho yangu yanaona yanachotaka.

Fundi naye alikuwa amepaona. Akavuta pumzi.

Kikaendelea. Kijani ikaingia weusi, weusi ukawa bluu ya majivu, taratibu, kutoka pembeni kuja katikati, na wingu liko pale pale. Wa mbele wakaona. Wakawaambia wa nyuma. Kabla wingu halijaondoka kitambaa kizima kilikuwa kimegeuka, na jua lilipotoka lilikuta kazi imekwisha, kama bwana anayekuja shambani baada ya palizi.

"Inua mmoja," nikamwambia Malima.

Akamwinua dagaa kwa mkono wa kulia. Tumboni na kwenye mashavu alikuwa na bluu. Akamwinua mwingine. Bluu. Akamlaza yule wa Deus kando yao. Walikuwa mapacha.

Hapo ndipo Deus aliposema, "Mwenyekiti, mkono wako."

Malima alinyanyua kiganja cha kushoto. Kilikuwa na bluu kwenye vidole vyote na kuzunguka mpaka kwenye kifundo, na pale alipokuwa ameegemea juu ya kitambaa pamebaki mkono wake, mweupe, vidole vitano, kidole kimoja kimepinda kilivyovunjika utotoni. Watu walirudi nyuma hatua moja. Yule wa kiberiti alitoa mkono mfukoni.

"Inatoka?" Malima akauliza.

"Leo haitoki," Fundi akasema. "Utakaa nayo mpaka ngozi ichoke."

"Nitakufa?"

"Utakufa siku yako."

Mzee Nyamhanga, aliyekuwa nyuma kabisa na wavu begani, akasema, "Basi tukimchoma huyu kwa sumu, na mwenyekiti tumchome, maana wote wanayo." Hakuna aliyecheka kwa sauti, lakini migongo ililegea. Mmoja akaondoka. Wawili wakaondoka. Mbuke akatoka na ndoo ya maji akammwagia Fundi kichwani, akarudi kuchota nyingine, na njiani alimpita yule kijana wa karabai akamwambia, "Na wewe chukua taa yako, mafuta yameisha."

Haikuishia pale, na nisingependa mfikiri iliishia pale. Deus alituambia, "Mimi nimeamini. Lakini gari halina macho." Samaki wa mwalo mzima walikuwa juani. Mbuke, Regina na mimi tulichukua visu tukaenda. Hakuna aliyetuita na hakuna aliyetufukuza. Tulipasua, tukabanika, tukaokoa kilichookoleka pamoja na wake zao, bega kwa bega, pasipo salamu. Moshi ulitusaidia, kila mtu alikuwa na sababu ya machozi yake. Siku iliyofuata Malima alikwenda kiwandani na kile kitambaa na ule mkono. Alisema aliuweka mezani kwa meneja kabla hajasema habari za asubuhi. Sijui waliongea nini. Gari lilirudi, ingawa kwa muda mrefu lilikuwa likija linasimama mbali, injini inanguruma.

Fundi Okelo alipoteza jino la mbele, na mgongo wake ulibabuka kwa yale mafuta. Alipopona tulidhani atasema basi. Alikuja na jembe. Akachimba shimo nyuma ya nyumba, refu kuliko Regina, akatia kokoto chini na mkaa juu yake, akasema maji yote ya kuoshea yaingie humu na dagaa wote wa kazi wafukiwe humu. Ndiyo shimo mnalolilalamikia mnapobeba ndoo. Mapazia ya hoteli tulimaliza, yana dagaa, na yalipendwa. Lakini tangu siku ile Fundi hakuketi tena kuupa mlango mgongo. Ukiingia pasipo kubisha alikuwa ameshasimama. Siku moja alikunja nguo zake, akatuaga vizuri, akaenda Nyegezi kupanda basi la kwao. Alifia Shirati, kitandani, na wanawe wamemzunguka. Nilikwenda kumzika. Mbuke alikwenda. Malima naye alikwenda, akasimama nyuma.

Sasa limebaki jambo moja. Mnajua ninavyoshika majina. Wa kafi namkumbuka, wa kiberiti namkumbuka, na wa karabai namkumbuka mpaka jina la bibi yake aliyemlea. Ni mtu mzima sasa, ana kwaya, ana wajukuu. Binti yake alipoolewa yeye alikuja karakanani kuchagua vitambaa vya ukumbini, akanikuta mlangoni, akasema shikamoo mama, nikasema marahaba baba, nikampimia. Akachagua vyenye dagaa. Akalipa, akaondoka.

Jina lake sikuliandika humu na sitaliandika. Lakini wengine wanasimulia kwamba Malima ndiye aliyeamuru mafuta yamwagwe. Mimi nakumbuka yalimwagwa Malima akiwa bado hajafungua mdomo. Malima amekufa, hawezi kujitetea, na Fundi alikuwa ameinamisha kichwa, hakuona. Basi mliokuwepo mnisahihishe kama nimekosea, nyumbani kwangu mnapajua. Hasa wewe uliyeshika taa. Njoo mchana, mlango huwa wazi.